Jumapili Nyekundu ya Ratiba ya Baba

Nilipofungua mkebe wa biskuti wa Baba, harufu iliyotoka haikuwa ya biskuti. Ilikuwa ya penseli iliyochongwa, mbao na nta, na nyuma yake kutu kidogo. Mimi ni mwanamke mzima, nina watoto wa sekondari ambao wakisikia sauti yangu mlangoni huzima televisheni, lakini pale sakafuni niligeuka tena msichana wa darasa la sita aliyefanya jambo akalinyamazia.

Tulikuwa tumemzika Baba wiki iliyotangulia. Mimi na kaka yangu Mutua tulirudi Makongeni kutoa vitu vyake katika nyumba ya reli tuliyokulia, chumba kimoja na jiko, kuta zenye moshi wa miaka yote ile. Mutua alikuwa nje akifunga godoro kwa kamba. Ndani ya mkebe mlikuwa na rula ya chuma, penseli fupi yenye rangi mbili, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, na karatasi ya miraba iliyokunjwa mara nne. Penseli niliitambua mara moja. Karatasi nayo niliitambua, na ndiyo sababu sikuifungua.

Kabla sijaendelea niseme jambo linaloniudhi. Watangazaji wa mpira wana msemo wao, "mahasimu wa jadi." Wanausema kwa raha, kana kwamba chuki ya timu mbili huota yenyewe kama nyasi baada ya mvua. Mimi huzima redio. Nimeona uhasimu ukitengenezwa mezani, kwa rula, na mtu mpole aliyekuwa akinywa chai ya tangawizi, na mimi nilikuwa nimeketi kando yake nikimchongea penseli.

Baba alikuwa karani wa reli. Kazi yake ilikuwa kupanga nyakati za treni za mizigo, ipi ipite saa ngapi na ipi isubiri wapi. Wazee wa mitaa walipoanzisha ligi ya Jumapili, timu nane za Eastlands, Nairobi, walimjia yeye awapangie ratiba. Walisema mtu anayeweza kupanga treni hawezi kushindwa na vijana wa mpira. Uwanja ulikuwa mmoja tu, ule wa vumbi nyuma ya nyumba zetu. Jumapili zilikuwa saba, ili kila timu ikutane na kila nyingine mara moja. Kila Jumapili ilikuwa na mechi nne: saa nne asubuhi, saa sita, saa nane na saa kumi. Baba alifurahia kazi hiyo kuliko ile ya mshahara, nadhani kwa sababu treni hazikuwahi kuja nyumbani kumshukuru.

Sasa sikiliza jinsi sifa ya timu inavyozaliwa. Vijana wa Umoja walikuwa na kocha aliyeimba kwaya ya mchana, kwa hivyo Baba aliwapa saa nne, mwaka baada ya mwaka. Saa nne uwanja ulikuwa bado na umande, ardhi imeshikana, watazamaji ni kina mama waliotoka misa ya kwanza na watoto wao. Umoja walipiga pasi fupi fupi, wakasalimiana, wakaenda zao. Eastlands nzima iliwaita Waungwana. Timu ya Huruma, iliyoitwa Mabati, ilikuwa ya vijana waliobeba mizigo sokoni Jumapili asubuhi, halafu wakaja kwetu kwa miguu. Baba aliwahurumia, akawapa saa kumi ili wapate nafasi ya kufika na kupumzika. Lakini saa kumi uwanja ulikuwa umeshachimbwa na mechi tatu, upepo unapeperusha vumbi hadi hauoni mpira, jua liko machoni mwa kipa, na nusu ya watazamaji wamekuwa wakinywa tangu adhuhuri. Hakuna mechi ya saa kumi iliyoisha bila kelele. Basi Mabati wakaitwa Wahuni. Ungewapa wale Waungwana saa kumi kwa miaka mitano, wangeitwa wahuni vilevile, na yule kocha angeacha kwaya.

Timu ya kwetu Makongeni iliitwa Injini. Mwaka wa kwanza wa ligi, Injini na Mabati walikutana Jumapili ya kwanza, wakabishania penalti, vijana wawili wakapigana ngumi. Mambo ya kawaida kabisa. Baba alishtuka. Aliwaza kama mtu wa reli: treni mbili zikiwa na hatari ya kugongana, ziweke mbali. Mwaka uliofuata aliwapeleka Jumapili ya mwisho, saa kumi, akiamini wiki sita zingewapoza. Zikawapika. Wiki sita watu walikaa vibandani wakikumbushana ile penalti, kila mara wakiitia chumvi, hadi mtu ambaye hakuwepo akawa anaisimulia vizuri zaidi kuliko refa. Mwaka ule yalirushwa mawe. Baba akaona kumbe kweli hawa ni watu wa kutenganishwa, akawaacha palepale. Mwaka uliofuata kibanda kilichomwa.

Sisi watoto hatukuichukulia Jumapili hiyo kama siku iliyopangwa na mtu. Tuliijua kama tunavyojua msimu wa mvua. Siku hiyo Mama hakufua. Mchana alijaza mitungi yote maji, akafunga dirisha la upande wa uwanjani, akatuambia mimi na Mutua tukae ndani. Tulisikia filimbi zikija kutoka upande wa Jogoo Road, kwanza moja, kisha nyingi, halafu ule mlio wa miguu mingi. Ilipofika saa kumi na mbili mtu alikuwa akikimbia kupita mlangoni petu, na mwingine nyuma yake. Mama alikuwa akihesabu hatua zao kwa midomo bila sauti.

Nilikuwa na mwandiko mzuri, nao ndio ulioniponza. Baba aliandika ratiba kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, nami nikainakili kwa wino kwenye kadi kubwa ya kubandikwa ukumbini. Ilikuwa heshima. Alinifundisha kazi yake kana kwamba siku moja ningeirithi.

"Nduku, tazama hapa," aliniambia jioni moja, akinionyesha ratiba ya treni aliyokuja nayo nyumbani. "Hii inatoka Mombasa, hii inaenda. Reli ni moja. Zipishane wapi?"

"Stesheni."

"Na karani akisinzia?"

Niliangalia ncha ya penseli.

"Watu wanakufa. Ndiyo maana hapo natia nyekundu." Akageuza penseli, akaweka alama. "Na kitu kingine. Reli hakuna kufuta. Ukibadilisha, unapiga mstari, unaandika kipya, halafu kando unatia herufi zako mbili na siku. Ndiyo ijulikane ni nani alibadilisha. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Nilisikia, lakini nilichokibeba kilikuwa kile cha kwanza. Nyekundu ni mahali watu wanapokufa. Na kwenye ratiba ya mpira, kila mwaka, kulikuwa na nyekundu moja tu, Jumapili ya saba, saa kumi, Injini na Mabati. Nilikata kauli kwamba Baba anajua. Niliamini makarani wa reli huambiwa mambo hayo mapema, kama wanavyoambiwa treni itafika lini, na kwamba hawaruhusiwi kusema. Kwamba hakuna aliyewahi kufa hakukunituliza. Niliona ni bahati tu, na kwamba nyekundu bado inasubiri mtu wake.

Halafu mwaka wangu wa darasa la sita, Mutua akachaguliwa kuchezea Injini. Alikuwa na miaka kumi na minane, mwembamba, mbio zake za kutisha, winga ya kulia. Alirudi nyumbani na jezi ameivaa juu ya shati. Mama alisema hongera kwa sauti ndogo. Mimi nilianza kulia, na sikuweza kueleza.

"Sasa wewe unalia nini?" Mutua akacheka. "Si ni game tu, manze."

"Usicheze ile ya mwisho."

"Dabi? Wee! Dabi ndiyo naingojea. Nitamfunga yule Salim wao kamba za viatu."

Salim alikuwa kapteni wa Mabati, fundi seremala, na kwetu sisi watoto alikuwa zimwi. Tuliambiwa huficha wembe kwenye soksi. Tuliambiwa aliwahi kumng'ata mtu sikio. Hakuna mtoto aliyekuwa amemwona karibu, kwa sababu mechi za saa kumi tulikatazwa kwenda, na siku ya mechi yake na sisi tulifungiwa ndani kabisa. Sasa nilikuwa najua mambo mawili: nyekundu iko wapi, na ni nani atakayekuwa amesimama juu yake.

Jumatano moja Baba alimaliza kuandika ratiba, akaniachia mezani niinakili, akaenda kazini zamu ya mchana. Ndipo nilipofanya nililofanya. Kifutio cha Baba hakikuwepo, kwa sababu hakuwa nacho maishani mwake. Nilitumia cha shule. Nilihamisha Jumapili nzima: mechi za Jumapili ya saba nikazipeleka ya tatu, za Jumapili ya tatu nikazileta ya saba, kwa hiyo hesabu ya timu haikuharibika, jambo ambalo hadi leo najionea fahari nalo kwa siri, Mungu anisamehe. Injini na Mabati nikawaweka saa nane badala ya saa kumi, kwa sababu saa nane hakuna giza linalokuja. Na ile alama nyekundu nikaifuta kabisa. Sikuiweka mahali pengine. Nta haikutoka vizuri, lilibaki doa la rangi ya waridi, nikalisugua hadi karatasi ikaanza kuota manyoya. Nilikuwa najua ninachofanya. Nilikuwa nafuta kifo cha kaka yangu.

Nikanakili kadi kwa wino, taratibu, herufi zimesimama sawa. Siku mbili Baba hakusema kitu. Jumamosi aliichukua kadi, akaitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Umeandika vizuri, Nduku." Akaenda kuipigilia ukumbini kwa misumari minne. Niliona macho yake yamechoka, nikashukuru kwamba amechoka.

Mwenyekiti wa ligi alikuja jioni hiyohiyo, mzee mnene aliyependa mbiu na umati. Hata kuketi hakuketi.

"Karani, hii ni nini? Dabi Jumapili ya tatu? Saa nane jua kali? Nani atakuja?"

"Watakuja wanaopenda mpira," Baba akasema.

"Watu wamezoea ya mwisho."

"Ratiba ndiyo hiyo, mzee. Imeshabandikwa."

Nilikuwa jikoni, mkono mdomoni. Nilidhani Baba anaona aibu kukiri kwamba hakuikagua. Nilimwonea huruma na nikamshukuru kwa pamoja.

Jumapili ya tatu ilifika, na mechi ikachezwa, na sijui niielezeje zaidi ya kusema ilikuwa mechi. Watazamaji hawakuzidi hamsini. Jua lilikuwa utosini, kina mama walikuwa wakifua, mbwa alilala kwenye kona ya uwanja na waliopiga kona walipiga mpira wakimkwepa. Mama aliniruhusu nikae nje. Salim alikuwa kijana mfupi mwenye masikio makubwa, wala hakuonekana mtu wa kung'ata sikio la mwenzake. Alimkaba Mutua dakika zote tisini, na kila walipoanguka pamoja mmoja alimvuta mwenzake ainuke. Ilikuwa mbili kwa mbili. Baada ya mechi Salim alikuja hadi mlangoni petu, akasimama nje ya kizingiti.

"Hodi, mama. Naomba maji kidogo."

Mama alimtazama, akatazama jezi yake, akaingia kuleta maji ndani ya jagi la wageni. Salim akanywa amechutama, kama inavyotakiwa kwao Waislamu, akamwambia Mutua, "Buda, wewe una mbio. Mwaka ujao nakuja na baiskeli." Wakacheka wote wawili. Alipoondoka Mama aliuliza, "Na hawa ndio Mabati?" Usiku huo nililala vizuri. Nilikuwa nimeshinda.

Wiki zikapita. Jumapili ya saba ilipofika, Mama alifua, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Hakukuwa na sababu ya kutofua. Mabati walikuwa wacheze na timu ya Kaloleni saa nane, na Injini wacheze na Umoja saa kumi, mechi ya kumalizia msimu. Saa zao nilikuwa nimezibadilisha makusudi, ili saa kumi wawepo Waungwana, kwaya au bila kwaya. Kamba zilijaa mashuka. Mwuza machungwa alikuwa ameketi mahali pake. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikimenya viazi, na ninakumbuka niliona kisu kimetulia mkononi mwangu kabla sijajua kwa nini. Filimbi. Kwanza moja, upande wa Jogoo Road.

Halafu nyingi. Mama alisimama katikati ya kamba zake akiwa na shuka mikononi. Alisikiliza. Alianza kuanua nguo, bado zinadondosha maji, akazirundika begani moja juu ya nyingine hadi gauni lake likalowa lote. Mwuza machungwa alishakunja gunia.

Walikuja kama walivyokuja kila mwaka. Walikuja kutoka Huruma na matawi mikononi, na wa kwetu wakatoka vibandani kuwapokea, wengine wakiwa wamekunywa tangu asubuhi. Hakuna aliyekuwa amesoma kadi yangu. Kwa nini wasome? Jumapili ya mwisho saa kumi ni Injini na Mabati, mtoto mdogo anajua. Wazee wa ligi walisimama mbele yao wakipiga kelele kwamba dabi ilishachezwa, ilikuwa sare, rudini nyumbani. Watu wa Huruma walisema, mmetuficha mechi. Watu wa Makongeni walisema, wao ndio waliogopa wakaomba ichezwe kwa siri. Uwanjani Injini na Waungwana walikuwa wakicheza mpira ambao hakuna aliyeutazama. Mtu anaweza kuja na hasira yake ya mwaka mzima akaambiwa hakuna mechi, lakini hasira yenyewe haiwezi kuambiwa irudi.

Baba alikuwa amesimama pembeni ya uwanja na rula yake mkononi, sijui kwa nini alikuwa na rula. Mwenyekiti alimkimbilia, kofia imeanguka.

"Karani! Askari wako wapi? Kila mwaka huwaombi kwa chifu?"

"Sikuwaomba."

"Hukuwaomba?"

"Mimi huwaomba siku yenye nyekundu," Baba akasema, polepole, kama mtu anayesoma. "Mwaka huu hakukuwa na nyekundu."

Nilikuwa nimekimbilia uwanjani, hatua tano kutoka kwao, bakuli la viazi bado kifuani. Hivyo ndivyo nilivyojua. Ile alama haikuwa ya kifo. Ilikuwa ya kujikumbusha aombe askari wanne na refa wa kutoka nje, na hao askari wanne, kwa miaka yote hiyo, ndio waliokuwa sababu ya kutokufa kwa mtu. Nilikuwa nimewafuta kwa kifutio cha shule.

Jiwe lenyewe sikuliona. Niliona Mutua akishika uso, akipiga magoti, kisha akilala ubavu kwenye vumbi, na watu wakipita juu yake. Nilipiga kelele hadi nikakosa sauti. Aliyemfikia kwanza alikuwa Salim. Alikuwa amemaliza mechi yake zamani, angekuwa ameshaenda zake, lakini alibaki kumtazama mwenzake akicheza. Alimbeba Mutua mgongoni akaanza kukimbia kuelekea barabarani, damu ikimtiririkia shingoni. Watu wa kwetu waliona jezi ya Mabati imembeba kijana wa Injini, na hawakuuliza. Walimpiga kwa rungu na kwa mateke, naye hakumwachia. Alifika barabarani akiwa na mkono mmoja unaoning'inia. Mkono huo haukunyooka tena hadi leo. Alikuja nao mazishini, akasalimia kwa wa kushoto.

Hospitali walimwokoa Mutua. Jicho la kulia halikuokoka. Wiki hiyohiyo mtaa mzima ulishajua kwamba Mabati ndio waliomtoa jicho, kwa sababu Mabati ni wahuni, kila mtu anajua. Mutua alisema kitandani kwamba jiwe lilitoka upande wa kwetu. Walimwambia amechanganyikiwa na dawa.

Ligi ilivunjwa katika mkutano mmoja. Mwenyekiti aliuliza nani alibadilisha Jumapili. Nilikuwa nimesimama dirishani nje ya ukumbi na watoto wengine, na nilipanga kusema. Nasema kweli, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Baba alisimama akavua kofia.

"Ratiba ni yangu," alisema. "Kosa ni langu."

Watu waliomheshimu walianza kumpita barabarani bila salamu. Ile mechi ya amani ya saa nane hakuna aliyeitaja, ni kama haikuchezwa. Baba alistaafu, akakaa mlangoni miaka mingi akitazama uwanja ukijaa vibanda, na sikuwahi tena kumwona na penseli. Niliondoka, nikaolewa Umoja, nikazaa. Kila Krismasi nilikuja nikikusudia kumwambia, nikaishia kumwuliza kama amekunywa dawa ya presha. Nilijiambia kwamba alikuwa amebeba kosa la mtoto wake bila kujua kwamba ni la mtoto wake, na kwamba nikimwambia nitamwongezea mzigo. Huo ulikuwa woga tu. Nauita kwa jina lake sasa.

"Umepata nini hapo, Nduku?"

Mutua alikuwa mlangoni, kamba imebaki mkononi. Yeye hugeuza kichwa chote ndipo akuone, na siku zote anapogeuza namna hiyo moyo wangu hushuka. Ningeweza kutia karatasi kwenye mkoba. Nilimpa.

Aliifungua akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Ni ya ule mwaka," akasema.

"Ndiyo."

"Lakini hapa huu si mwandiko wa mzee."

"Ni wangu. Ni mimi niliyehamisha. Niliogopa utakufa siku ya nyekundu. Nikaifuta."

Hakuniangalia. Nje kulikuwa na watoto wakigombania mpira wa makaratasi, mmoja akidai ni zamu yake. Mutua aliisogeza karatasi karibu zaidi na uso.

"Na hii hapa kando?"

"Ipi?"

Alinirudishia karatasi. Pembeni ya lile doa la waridi, pale nilipoisugua hadi ikaota manyoya, palikuwa na maandishi madogo ya buluu ambayo sikuwahi kuyaona. J.M. Josephat Muthoka, herufi zake mbili. Na chini yake, *Ijumaa*.

Kadi ilipigiliwa Jumamosi. Nilikaa chini palepale juu ya mkebe. Alikuwa ameona. Siku nzima kabla ya kadi kutoka nyumbani alikuwa ameona kazi ya kifutio changu, na akafikiri, na akaona mtoto amepata jambo ambalo yeye miaka yote hakulipata, akalitia sahihi kama reli inavyotaka. Alipowaambia watu kosa ni lake hakuwa ananificha mimi. Alikuwa anasema kweli yake. Na miaka yote hiyo, katika chumba hiki kimoja, yeye alinyamaza ili nisijue anajua, nami nilinyamaza ili asijue, na chai ikapoa kati yetu. Nililia kwa sauti, jambo ambalo sikuweza kulifanya kaburini.

Mutua alisubiri nimalize. Alitoa leso akafuta upande wa jicho lisilokuwepo, ambalo hutoa machozi lenyewe, hata bila sababu.

"Kwa hivyo mlikuwa wawili," akasema.

"Tulikuwa wawili."

Alichukua karatasi, akaikunja mara nne katika mikunjo yake ya zamani, akaitia katika mfuko wa shati lake, si kwenye mkebe. Akasimama kidogo akitazama upande ambao zamani ulikuwa uwanja.

"Lakini ile ya saa nane," akasema, "ilikuwa mechi tamu, Nduku. Siku hiyo nilikuwa naona uwanja wote."